Walio Nyuma ya Shujaa: Mwaka Wangu wa Kurudi kwenye Katuni

Hotuba kwa wasomaji na vijana wachoraji, Lubumbashi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana, jambo yenu wote.

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma katuni kwa sababu majirani wameona kwamba mwaka huu wote mkoba wangu umebeba katuni pamoja na madaftari ya wanafunzi. Nilipokuwa msichana nilikuwa msomaji wa kweli. Halafu zikaja shule, ndoa, watoto na kazi ya ualimu, miaka ikapita mingi bila kufungua hata kitabu kimoja. Sasa nimerudi, na nimesoma kwa uroho. Nitawaeleza nilichokikuta, hasa jambo moja ambalo macho yangu yamelizoea mno: kila ninapofungua ukurasa naangalia kwanza wale walio nyuma ya shujaa. Anayebeba mzigo. Anayemimina chai. Mchimbaji, mpagazi, mama wa sokoni aliyechorwa kwa mistari mitatu tu. Kwangu mimi, hapo ndipo katuni inapopimwa.

Nianze na vile vitabu vidogo. Wa umri wangu wanavikumbuka: Blek le Roc, Akim, Zembla. Vilikuwa vya kuingia mfukoni, karatasi nyepesi, picha nyeusi na nyeupe. Blek alizaliwa Italia mwaka 1954. Zembla alikuja 1963. Wote wawili tuliwasoma kwa Kifaransa kutoka nyumba ya uchapishaji ya Lug, mjini Lyon. Hapa kwetu vilifika ndani ya masanduku ya wasafiri, au kwa wauzaji wa vitabu vya zamani wanaotandaza chini, kando ya barabara. Nyumbani vilikuja na baba, aliyefanya kazi kwenye reli, na kabla ya kunifikia vilipita kwanza mikononi mwa kaka zangu wote. Mara nyingi kitabu kilinifikia bila ukurasa wa mwisho. Basi mwisho nikautunga mwenyewe, na siku nyingine niliupenda kuliko ule wa kweli.

Mwaka huu nilivitafuta tena. Blek bado ananifurahisha. Wale waliomchora walijua kuonyesha mtu mzito akiruka, na vijana wachoraji mlio hapa mngefanya vizuri kukaa na ukurasa wake mmoja na kufuata mkono, bega na mguu unavyokwenda. Zembla ndiye aliyenisumbua. Amechorwa kama Mzungu katika msitu wa Afrika, na wenzake ni mfanya mazingaombwe aitwaye Rasmus, kangaruu aitwaye Pétoulet, simba aitwaye Bwana, na mtoto mweusi aitwaye Yéyé. Zamani nilimpenda huyo simba kupita wote. Safari hii nilibaki na Yéyé. Mtoto huyu ni wa kijiji gani? Mama yake ni nani? Akiumwa homa usiku, nani anamkanda? Katika vitabu nilivyovipata hakuna anayemuuliza. Nilisoma kimoja mpaka mwisho nikimwangalia yeye tu, kila picha aliyomo, hata pale alipokuwa kidoa pembeni, na nikahuzunika kweli.

Juu ya Tintin nchini Congo nitasema machache, maana yameshasemwa mengi. Hergé, mchoraji Mbelgiji, alianza kuichapisha mwaka 1930 katika gazeti la watoto la Brussels, na hakuwahi kukanyaga nchi hii. Mwaka 1946 aliichora upya kwa rangi, na lile somo ambamo Tintin anawaambia wanafunzi weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji akalibadilisha kuwa somo la hesabu. Mwaka 2007 mwanafunzi Mkongomani aliyeishi Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho. Mwaka 2012 mahakama ikamkatalia. Mimi kilichonikaa rohoni ni treni. Kuna mahali gari la Tintin linagongana na treni, na treni ndiyo inayoanguka. Mimi ni mtoto wa mtu wa reli. Reli ilifika mjini hapa mwaka 1910, na Lubumbashi ilikua pamoja nayo. Baba alikuwa akirudi jioni anasugua mikono kwa sabuni na mchanga, na bado grisi ilibaki kwenye kucha mpaka Jumapili kanisani. Treni iliyotengenezwa na mikono ile haiangushwi na kigari.

Sasa nije kwenye furaha, maana mwaka huu nimefurahi sana.

Aya wa Yopougon. Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, Côte d'Ivoire, ndiye aliyeiandika, na Clément Oubrerie akaichora. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2005, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la Angoulême, Ufaransa. Vikatoka sita mpaka 2010, halafu kimya, halafu mwaka 2022 Aya akarudi na kitabu cha saba. Nilivisoma vyote mfululizo, na usiku umeme ulipokatika niliendelea kwa tochi ya simu. Hadithi ni ya wasichana watatu, Aya, Adjoua na Bintou, katika Yopougon, mtaa wa wafanyakazi wa Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna vita. Aya anataka kuwa daktari. Baba yake anaona bora aolewe vizuri. Adjoua anapata mimba, na familia mbili nzima zinakaa sebuleni kutafuta mtoto amefanana na nani.

Ninachokipenda humo ni kwamba hakuna mtu wa nyuma. Ukimwona mama anapita na beseni, baada ya kurasa chache unajua anaitwa nani na ana deni kwa nani. Mfanyakazi wa ndani ana moyo wake na siri zake. Hata mwishoni mwa kitabu wameweka mapishi na namna ya kufunga kitenge, kana kwamba mtaa wote umekataa kuondoka kabla hujala. Nilikuwa nikisoma huku nawaona watu wa mitaa yetu ya hapa mjini, Katuba na Kenya, na mama anayeuza makala, yaani makaa, mbele ya nyumba yetu anayejua nani amelala njaa kabla mwenyewe hajasema. Abidjan ni mbali, lakini baba mwenye sauti kubwa mbele ya wageni na sauti ndogo mbele ya mke wake namjua.

Kilichofuata kilitoka kwa mtoto wa dada yangu. Aliniona na Aya akasema, "Mama mdogo, hivi ni vizuri, lakini soma na One Piece." Nikamwambia sijui kusoma katuni ya Kijapani, kitabu kinachoanzia nyuma. Akakaa nami, akanionyesha: kulia kwenda kushoto, kuanzia juu, jicho lifuate mapovu ya maneno. Jioni mbili tatu tu jicho likazoea. Eiichiro Oda aliianza kazi hiyo mwaka 1997 na bado anaendelea, vitabu vimepita 100. Siwezi kusema nimefika mbali. Vijana wengi hapa wanaisoma kwenye simu, wanagawana megabaiti, na ninaelewa kwa nini: albamu moja mpya ya katuni kutoka Ulaya inakula fedha ambayo mama wa nyumba anaihesabu kwa unga wa bukari.

Ila kuna jambo la Oda ambalo mpwa wangu alikuwa analiruka, na mimi nikamsimamisha. Mwanzoni mwa sura kuna picha ya jalada, na mara nyingi picha hizo, sura baada ya sura, zinasimulia habari yake yenyewe: yule aliyeshindwa vitabu kadhaa nyuma yuko wapi sasa, anakula nini, amekutana na nani. Shujaa ameshasahau, mchoraji hajasahau. Nilimwambia mpwa wangu arudi nyuma azisome zile tu, na akazisoma. Mtu anayetunga hadithi kwa miaka yote hiyo huku akiwakumbuka waliopita njiani anastahili heshima.

Ndugu zangu, sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Black Panther mnamjua kwa filamu. Kwenye karatasi yeye ni wa mwaka 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, na ufalme wake wa Wakanda unaishi kwa madini yasiyopatikana kwingine. Mtu wa Katanga, eneo letu hili la migodi, akisikia hivyo lazima akae vizuri kwenye kiti. Nilivyosoma mimi ni vile alivyoanza kuandika Ta-Nehisi Coates mwaka 2016, na michoro ya Brian Stelfreeze. Vinaanzia wapi? Mgodini. Mfalme T'Challa amekwenda kuwasifu wachimbaji, anawaita moyo wa nchi. Na wachimbaji wanamgeukia. Kuna mwanamke, Zenzi, mwenye uwezo wa kuamsha hasira iliyojificha ndani ya mtu, na hasira hiyo inawatoka dhidi ya mfalme wao na askari wake.

Nilifunga kitabu. Nilitoka nje nikasimama uani kidogo. Kutoka kwetu mtu anauona ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na lile bomba refu la moshi, ambavyo kila mgeni wa mji huu anavipiga picha. Kila kipande cha mlima ule kilipita mikononi mwa mtu. Nani aliyewahi kuwachora hao mmoja mmoja, na sura zao?

Niliporudi kwenye hadithi nilitaka nibaki na wale wachimbaji. Nilitaka kujua wanalala wapi, wanalipwa nini, nani alisema neno la kwanza asubuhi ile. Lakini hadithi iliondoka na mfalme, ikawaacha. Kitabu kina mambo mazito, wanawake wawili wa ulinzi wa mfalme wanaasi kwa ajili ya wanawake wanaoonewa, na hayo niliyasoma kwa moyo wote. Ila wachimbaji waliondoka ukurasani, na mimi nikawa bado nawasubiri.

Na hadithi yao ipo, vijana. Ipo hapa hapa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, waligoma kwa ajili ya mishahara. Walikusanyika uwanjani, katika mji huu uliokuwa ukiitwa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa ni Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake. Yeye ana jina. Wengi waliokuwa nyuma yake hawana.

Mtu aliyewachora alikuwa mtu wa mji huu: Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947. Mnamo 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha zaidi ya 100, akampelekea Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, na kila picha akaisimulia kwa Kiswahili chetu cha mjini. Fabian akaitoa kazi hiyo kuwa kitabu mwaka 1996. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano, na maneno aliyoyaandika ndani ya picha yenyewe, unapata nini? Mimi naona katuni. Picha, maneno, kisha picha inayofuata. Na mgomo ule wa Union Minière umo. Wazee wenu walikuwa na picha za namna hiyo sebuleni: Mamba Muntu, yule nguva, kwenye ukuta mmoja, na kwenye mwingine ile ya Colonie belge, mfungwa amelazwa chini anachapwa, Mzungu amesimama anaangalia. Iangalieni vizuri ile ya mwisho. Wachoraji wengi waliiweka familia pembeni, wanawake waliokuja gerezani kumletea mtu wao chakula. Mchoraji hakuwasahau. Tena Sammy Baloji, mtoto wa mji huu ambaye picha zake za kamera zinazunguka dunia, alianza kwa kuchora katuni. Kwa hiyo kijana asiniambie kwamba kazi hii ni ya Wabelgiji na Wajapani.

Ipo albamu iitwayo Katanga, ya Fabien Nury na Sylvain Vallée, vitabu vitatu, cha kwanza 2017 na cha mwisho 2019. Najua baadhi yenu mmeisoma na mnaipenda. Inahusu Katanga kujitenga na Kongo: Julai 1960, Tshombe aliyeongoza kujitenga huko, mamluki, mpaka mambo yalipoisha Januari 1963. Charlie, mtumishi wa nyumbani, anaangukiwa na hazina ya almasi na kila mwenye bunduki anaanza kumwinda. Nakiri hadithi inakimbia, na mchoraji anajua kazi yake, hasa nyuso. Na nilifurahi kwamba, angalau mwanzoni, mtumishi ametolewa jikoni akawekwa katikati. Ila moyo wangu haukutulia. Mtu wa hapa akisikia almasi anafikiria Bakwanga, Kasai; sisi ni watu wa shaba, na vita ile ilikuwa na harufu ya shaba. Tena karibu kila mtu humo ni mwizi au muuaji, Mzungu na Mweusi sawasawa, na nikabaki namtafuta anayepika, anayefundisha, anayezaa. Niliutafuta mtaa wetu wa Kamalondo, uliokuwa ukiitwa Albert. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini hapa, na wako walio hai waliolala kwenye hema zile wakiwa watoto. Mimi ningetoa almasi zote za Charlie kwa kurasa ishirini za mama mmoja wa kambi ile.

Madame Livingstone ni ya Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, na ilitoka mwaka 2014. Hii naipenda bila masharti. Ni mwaka 1915, ziwa Tanganyika, vita ya kwanza ya dunia. Luteni Mercier, Mbelgiji, ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na kiongozi wake wa njia ni Mwafrika anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema kwamba ni mtoto wa Livingstone. Watu wanamcheka, ndiyo maana wakampa jina la kike. Mngedhani ni yuleyule mbeba mizigo wa pembeni. Lakini taratibu unaona kwamba bila yeye luteni haoni kitu: hajui ziwa, hajui watu, hajui vita hii ni ya nani. Rangi za Baruti ni za maji na ziwa linapumua ndani yake. Ilinigusa zaidi kwa kuwa meli ile ipo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaitoa majini 1924, na tangu 1927 ikasafirisha watu ziwani kwa jina la Liemba. Na nyuma ya vita ile walikuwepo wapagazi, zaidi ya laki mbili kwa upande wa jeshi la Kongo peke yake, waliobeba risasi na mchele kwa kichwa mpaka Tabora. Baruti amempa mmoja wa watu hao wa njiani kitabu kizima. Wengine wanasubiri.

Wapo mtakaosema, mama, kuchapisha ni ghali. Ni kweli. Basi mwangalieni Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Kuanzia mwaka 1990 aliandika, akachora, akachapa na kuuza mwenyewe, kwa Kilingala, karatasi hafifu, bei ya mtu wa mtaani. Hadithi yake ya mtu anayegeuka joka na kumeza mwanamke ilipita mkono kwa mkono mji mzima. Mwaka 2015 kazi zake zilitundikwa Paris, katika maonyesho ya Fondation Cartier ya sanaa ya Kongo. Alianza na watu wa jirani yake, kwa lugha wanayoitumia hata kugombana.

Kwa hiyo wachoraji, ninachowaomba ni kidogo na ni kigumu. Msinichoree tena mtu mwenye misuli juu ya jengo la New York. Nichoreeni vijana wa baiskeli wanaoshuka alfajiri na magunia ya makala yaliyowapita urefu; nichoreeni wanavyoegemea mlimani kwenye kupanda, kiatu kimoja kikiwa kimefungwa kwa kamba. Nichoreeni mchimbaji wa mkono anapotoka shimoni na macho yake hayajazoea mwanga. Muulizeni jina kabla ya kumchora. Na maneno yaliyo mdomoni mwake yawe yake, Kiswahili cha Lubumbashi na Kifaransa kilichoingia humo, bila kusafishwa.

Vitabu nilivyovitaja, vile nilivyo navyo, viko mezani pale karibu na mlango. Vitabu vya Aya viko vyote. Anayetaka kuazima aandike jina na namba ya simu kwenye daftari, arudishe baada ya wiki mbili, kwa sababu foleni itakuwa ndefu. Wenye michoro yao waje nayo hapa mbele. Nitakaa mpaka tuiangalie yote. Na naona kuna kijana pale ameinua mkono tangu nilipoisema Katanga. Aanze yeye.